Kabureta ya Tatu

Oulu, mwezi wa pili. Theluji imefika kwenye kitasa,
ndani, jiko la mafuta ya taa linakohoa.
Nimetandika gazeti la juzi mezani,
nikazipanga kabureta nne kwa mstari
kama watoto wanaongoja kukaguliwa kucha.

Honda hii nimeinunua mara mbili.
Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa
na mshahara wa kiwanda cha karatasi.
Mara ya pili ni Oktoba iliyopita, kwa Ilpo Kerttula,
aliyeiuza kwa bei ya hasira:
"Haipandi mlima, Raija. Mafundi watano wameishika. Watano!"

Skrubu za bakuli zimeumana na kutu.
Ukizilazimisha utakata vichwa vyake.
Tone la mafuta. Ngoja. Gonga kidogo kwa nyundo. Ngoja tena.
Waliosema haraka haina baraka
hawakuwahi kushika skrubu ya Kijapani,
lakini walijua.

Bakuli linafunguka: petroli ya miaka
imekuwa utomvu, ina ukijani wa shaba,
inanuka vanishi na siagi iliyochacha.
Floti imeganda palepale ilipolala.

Jeti kuu, jeti ndogo, sindano,
springi nyembamba kama unywele:
kila kabureta na kopo lake
(makopo ya samaki wa siki, nimeyaosha, bado yananuka).
Nainua jeti kwenye taa.
Tundu lake halizidi nukta ya kalamu.
Ukiona mwanga, pumzi ipo.
Usipoona, tia uzi wa shaba, kamwe usitie chuma.
Chuma hukwaruza. Shaba husihi.

Ya kwanza nimesafisha, mwanga ukachungulia,
Ya pili ikanichosha, uchafu kung'ang'ania,
Hewa nikaipitisha, dawa ikanirukia,
Ya tatu niliposhusha, mkono ukatulia.

Tundu lilikuwa kubwa mno.
Si la kiwandani hili. Kingo zake zina mikwaruzo
inayozunguka kishoto.

Mimi ni mashoto.

Kiangazi kile. Waya wa gitaa la Taisto.
Nilidhani tundu likipanuka, mwendo nao utapanuka.
Taisto alisema acha,
nikamwambia wewe cheza muziki wako.
Nilianza na ya tatu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu,
kisha waya ukakatika, mvua ikaanza,
na zile nyingine zikapona.
Nikalaumu plagi. Nikalaumu petroli.
Nikaiuza kabla ya theluji,
nikamwambia mnunuzi, macho makavu: haina tatizo lolote.

Miaka arobaini na mmoja.
Ilpo, na aliyemtangulia Ilpo,
na yule kasisi wa Kemi
aliyeisukuma kilomita sita kwa miguu, kanzu ikiburura tope,
wote wamevuta moshi wa ujinga wangu.
Na mafundi watano!
Kulisafisha, walilisafisha.
Hakuna aliyelipima.

Jeti mpya inatoka kwenye bahasha.
Naikaza kwa vidole, kisha spana, kidogo tu.
Vipete vipya vya mpira, gasketi mpya.

Aprili nafungua mlango wa gereji.
Geji nne, zebaki inapanda na kushuka,
nageuza skrubu unywele kwa unywele
mpaka zote nne zinavuta pumzi moja.

Nampigia Ilpo. Siongei.
Naweka simu karibu na ekzosti.

Kimya.
Kisha: "Unaiuza bei gani?"
Kisha: "Ilikuwa nini? Uchafu tu?"

Jeti kongwe imo mfukoni mwangu,
nyepesi kuliko punje ya shayiri.
Naisugua kwa kidole gumba, cha kushoto.
Ndiyo, uchafu tu: maneno yako tayari ulimini.

"Ilpo," nasema, "una nafasi leo?
Njoo. Nitainjika kahawa.
Ni habari ndefu kidogo."