Swali la Kumi na Saba

Nilifika Wingwi saa tatu, kishikwambi mkononi,
kitambulisho cha chuo kikuu kikining'inia kifuani kama hirizi,
na maswali arubaini na mawili niliyoyahifadhi
kama nilivyowahi kuhifadhi Juzuu Amma: kwa kuogopa kukosea.

"Hodi."
"Karibu. Kaa hapo. Usikalie ukili."

Bi Mize Faki alikuwa akisuka.
Ukili ulianzia magotini, ukateremka barazani,
ukajizungusha huko chini kama kitu kilichoshiba.
Jina. Umri.
"Andika hamsini. Ikizidi, nisamehe."
Kiwango cha elimu.
"Sikusoma," akasema, mkono haukusita,
na chumba cha uani watoto wasiopungua thelathini
walikuwa wakiimba irabu, wakikosea pamoja,
naye akageuza shingo, akawasahihisha kwa sauti moja tu,
akarudi kwangu.
"Nani mwalimu wao?"
"Mie. Kwani wamuona mwengine?"

Nikabonyeza: *Hakuna.*
Kishikwambi kikaridhika, kikanipeleka mbele.

Swali la kumi na saba.
Kwa kipimo cha moja hadi tano,
moja ikiwa hujaridhika kabisa, tano umeridhika sana,
umeridhika kiasi gani na maisha yako?

"Alhamdulillahi."
"Hiyo ni ngapi?"
"Ngapi vipi?"

Nikaeleza. Nikanyoosha vidole vyote vitano,
kidogo, wastani, nikatoa na mfano wa chai na sukari.
Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.
"Alhamdulillahi, mwanangu."

Hizo zilikuwa mbili, na hazikuwa moja.
Ya kwanza ilitoka kama mtu anayerudisha mlango
ili mgeni asione jikoni.
Ya pili ilitoka mbali: ilipitia kwa Shaame aliyeko Maskati,
hajapiga simu tangu mfungo sita (swali la tisa),
ikapitia karafuu zilizonyeshewa zikiwa juani (swali la kumi na mbili),
ikapitia goti la kushoto,
ndipo ikanifikia, imenawa uso,
haina hata vumbi la njiani.

"Walikuja wengine mwaka juzi," akasema.
"Binti mmoja na kijana wa miwani. Wakauliza haya haya.
Nikawapa na madafu. Basi huko walikopeleka,
wakaambiwaje?"

Ripoti ile nimeisoma. Kurasa mia na sita.
Wingwi imo ukurasa wa thelathini na tisa,
kistari kimoja cha rangi ya chungwa,
kifupi kuliko vya jirani zake.
Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

"Na mamako?" akauliza. "Alisoma?"

Mama yangu, Mtambile,
aliyenifunza kuhesabu usiku wa kuchambua,
karafuu huku, makonyo kule,
kumi la makonyo, kumi jingine, hata nikasinzia kwenye mia;
mama ambaye kila nilipojaza fomu ya mkopo
nilimwandika kwa mkono wangu, kwa hati nzuri:
*Hakuna.*

"Alhamdulillahi," nikasema.

Bi Mize akacheka. Ndiyo mara yake ya kwanza siku hiyo.
Mwaa aliouma ukamdondoka.
"Hiyo," akauliza, "ni ngapi?"

Maswali yaliyobaki niliyaandika nyuma ya tiketi ya boti.
Sasa ni usiku, Konde, nyumba ya wageni,
umeme umekatika na feni imesimama.
Zamani tulitumia karatasi, nayo ilikuwa na pambizo,
mtu aliweza kuchomeka neno, hata pumzi.
Kishikwambi hakina pambizo. Kinasema:
*Jaza sehemu hii kwanza.*

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Kidole kinaelea juu ya kioo.
Betri, asilimia sita.