Baridi Isiyo na Fundi

Kalekye ameandika kutoka melini:
Baba, tabaka tatu, kama kitunguu.
Usilete jinzi. Pamba hunywa maji,
halafu hugandia mwilini.
Begi lisipite kilo ishirini.

Nimelipima kwenye mizani ya karakana,
ile ninayopimia mitungi ya gesi.
Miaka thelathini na moja nimeuza baridi
kando ya Barabara ya Lunga Lunga:
kwa mabucha, mahoteli, mochari mbili,
na friji ya mama mmoja wa Jericho iliyokataa kufa.
Baridi ninayoijua mimi hunguruma.
Ina waya, ina kompresa, ina bili.
Ikinyamaza, nyama inaoza na mimi napigiwa simu.
Huko aliko binti yangu, anasema,
baridi imekaa kimya
na haijawahi kumwita fundi.

Koti nililipata Gikomba, kwa Wangeci.
Alilivuta kutoka katikati ya belo,
akalikung'uta mbele ya jua la Novemba:
"Hii ni kamera, mzee. Hujaona hii."
Jekundu, zito kama mtoto aliyelala.
Mfukoni mlikuwa na tiketi ya kupandia mlima wa theluji,
mji ambao jina lake lina nukta mbili juu ya o.
Mtu alilichoka, akalitupa kusini,
nami nalipeleka kusini zaidi
hadi lirudi kwenye theluji.
Tulivutana bei mpaka jasho likanitoka.
Nilikuwa nimelivaa.

Nikaenda kulijaribu kiwandani, chumba cha aiskrimu,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Nilisimama kati ya ndoo za vanila
nusu saa, mikono kwapani,
hadi Ekiru wa zamu ya usiku akagonga mlango:
"Fundi, umejifungia, ama umechoka na dunia?"
Nikamwambia najaribu koti.
Akaniangalia sana. Akaniletea chai.

Glavu jozi mbili, za ndani na za nje.
Soksi za sufu, jozi sita.
Vidonge vya kichefuchefu cha bahari,
mimi ambaye maji makubwa niliyovuka ni Mto Ngong,
tena kwa daraja.
Miwani ya jua. Na mafuta ya jua!
Nilicheka peke yangu jikoni:
nizaliwe Kitui, nizeeke Makadara,
nikaunguzwe na jua la barafuni.
Majani ya chai nusu kilo. Kalekye ameyaomba
kwa herufi kubwa.

Halafu kuna ukurasa wa mwisho.
Udongo hauruhusiwi. Mbegu haziruhusiwi.
Fyonza vumbi mifukoni, chokonoa mishono,
sugua nyayo za buti kwa brashi,
kwani jani moja geni laweza kuota
pale pasipoota kitu.

Nami nilikuwa nimefunga ndani ya kitambaa
udongo wa Lang'ata, kijiko kimoja,
wa kaburi la Syombua.
Ndiye aliyetaka kuona theluji. Mimi nilitaka kulala.
Kila friji niliyoifungulia nyumbani
aliikwangua barafu ya kuta kwa ukucha,
akaiweka ulimini, akaniuliza:
"Ndiyo hii?"
Nami, mdomo umejaa skurubu, nikasema ndiyo.

Usiku huu nimeumwaga udongo
ndani ya kopo la mshubiri wake dirishani.
Nimekaa kitandani na soksi nilizovaa makaburini,
na kikoleo chake cha nyusi,
nachomoa kishona nguo,
kimoja, kimoja,
navipanga kwenye kisahani.

Begi liko mlangoni: kilo kumi na tisa na robo tatu.
Robo iliyobaki nimeiacha wazi.
Jikoni friji imenguruma, ikatulia.
Bado soksi ya kushoto.