Deni la Chapati

Kabla ya mabango pale Mnara wa Saa,
kabla Lomayani hajaanza kuvaa miwani ya jua usiku,
Kifusi walikuwa vijana watatu na spika moja iliyochanika
nyuma ya karakana ya kuchomelea, Unga Limited,
kila Ijumaa, mafundi wakishazima mashine.

Tulikuwa kumi na mmoja. Nawajua kwa majina.
Wa kumi na mbili alikuwa mlinzi, hatukumhesabu,
yeye alikuja kuota moto.
Julai, baridi ya Meru imetushuka hadi magotini,
Hatibu anachana na mvuke unamtoka kinywani,
umeme unakatika katikati ya ubeti
na haondoki mtu:
Kaaya anagonga debe la rangi kwa spana,
ubeti unafika mwisho wake kwa miguu.

Sisi ni andagraundi, walikuwa wakisema.
Mimi nilidhani ni jina la mtaa.

Nilikuwa na jiko na beseni la chapati.
Walikula kwa mkopo, nikaandika daftarini:
Kifusi, chapati saba, chai tatu.
Kifusi, chapati nne, chai wameshea.
Hatibu, badala ya kulipa, akanitia kwenye wimbo:
"Nikifa leo msilie, mlipeni Ndeskoi,
deni la chapati halizikwi na mwili."
Nilicheka hadi moja ikaungua.
Usiku ule nilirudi nyumbani nikilitamka jina langu polepole
kama kiatu kipya unachokijaribu ndani kwanza.

Nakala hamsini walichoma. Mwandiko wa juu ni wangu.
Tisa za mwanzo nimekosea, nimeandika Kifuzi.
Aliye nayo asiitupe.

Kisha redio ikawachukua.
Sikukasirika.
Au nilikasirika kidogo, vile unavyokasirika
jirani akihama alfajiri bila kugonga mlango.
Nikajisifu gengeni, nikajisifu kwa kinyozi: hao nimewalisha mimi!
Watu wakaitikia, hata wao walikuwepo.
Arusha nzima sasa ilikuwepo.
Ukitujumlisha wote tuliokuwepo,
karakana ile ilikuwa kubwa kuliko soko la Kilombero.

Jumamosi wakapiga uwanjani.
Tiketi elfu kumi na tano. Nililipa, sikumpigia mtu simu.
Taa za simu zikawaka jukwaa zima,
debe la rangi limekuwa ngoma za kukodi,
wimbo ukaanza
na moyo wangu ukasimama mlangoni, umeshavaa, unasubiri kuitwa.

"Nikifa leo msilie, mlipeni Rosi,
deni la mapenzi—"

Rosi?

Binti aliye kando yangu analia, wanja umeshuka hadi kidevuni.
Nikamuuliza, Rosi ndiye nani?
"Yule aliyemwacha," akasema,
kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo.
Labda Ndeskoi lilikuwa zito midomoni mwa watu wa Dar.
Labda lilivunja mizani.
Nilitaka kumwambia: mdogo wangu, ni chapati.
Chapati na chai ya tangawizi, hakuna aliyeachwa.
Lakini machozi yake yalikuwa ya kweli.
Mimi mwenyewe, kule karakana, sikuwahi kulia vile.
Nilikuwa nageuza chapati.

Nikamshikia mkoba ili aimbe kwa mikono miwili.

Daftari lipo, chini ya godoro.
Elfu thelathini na nne na mia mbili.
Jumatatu Kaaya alimtuma kijana na bahasha,
nene, imefungwa kwa gundi.
Nikamwambia airudishe, mwambie Ndeskoi hakumbuki deni lolote.
Maana wakilipa nitaufunga ukurasa,
na nikiufunga
nitakuwa mmoja tu wa wale maelfu waliokuwepo.

Kijana alikunywa chai kabla ya kuondoka, na chapati mbili.
Hizo nazo nimeziandika.