Mlango wa Karakana

Fremu yake ya kwanza niliipiga kwa mbao za mzinga uliohamwa na nyuki,
hamsini na mbili kwa thelathini na sita.
Vipimo nikaviandika mlangoni kwa penseli, kama niandikavyo vya kila mteja,
na mbele yake: Kalunde, bado elfu nne.

Hakuwa na turubai. Alichora juu ya gunia la tumbaku
aliloliomba kwa makuli wa godauni, akalipaka uji wa muhogo na gundi
hadi likakaza kama ngozi ya ngoma.
Picha ile ikapanda treni mpaka Dar es Salaam,
na mama aliyeinunua, nasikia, hupiga chafya kila akiitazama.

Watu wa Kanyenye wakasema: binti wa Msobi kaacha ukarani,
kaenda kuolewa na rangi.
Mimi nilikuwa na swali moja tu: ukubwa gani safari hii?

Ndivyo ninavyoyajua maisha yake,
kwa futi kamba.
Mwaka aliofiwa na mama yake zilikuwa ndogo zote, kiganja na robo,
wekundu mtupu, ule wa majani machanga ya miombo
mvua ikiwa bado haijaamua.
Mwaka uliofuata akaleta isiyopita mlangoni.
Tuliuchomoa mlango kwenye bawaba, picha tukaiingiza ubavu
kama ng'ombe mgonjwa.

Kisha vipimo vikaanza kuja na majina ya watu nisiowajua.
Shija, thelathini kwa thelathini. Nyanzobe, ishirini kwa arobaini.
Yule kijana bubu wa Ipuli, asiyetaka jina liandikwe, nikamchorea jogoo.
Wanafunzi wake wa Jumamosi, mle mle godaunini,
tumbaku ikiwa bado inanuka sakafuni.
Twiga aliwakataza.
Chora kisigino cha bibi yako, alisema, twiga ana wachoraji wa kutosha.
Siku moja nilimsikia akimkemea mmoja:
Usinichoree mimi. Mimi nina mikono yangu.

Na alipoandaa maonyesho,
za wenzake alizitundika kwenye ukuta wenye nuru;
zake karibu na choo, au hazimo.
Alisimama katikati nusu siku, misumari mdomoni, hajala.
"Hizi mbili zimenuniana, Mlela. Zitenganishe."
Nikajua sasa ndiyo ukichaa wenyewe.
Nikazitenganisha. Na kweli, zikaacha.

Mwaka huu ametimiza ishirini katika kazi.
Alikuja mikono mitupu. Akasoma mlango wangu kwa kidole,
kutoka chini alikokuwa akiinama zamani
hadi juu ninakopandia kigoda siku hizi.
"Nauomba huu."
"Upi?"
"Mlango."

Nimelala karakanani siku tatu, juu ya maranda,
nikilinda randa na msumeno,
upepo ukiingia kama mteja asiyebisha hodi.

Siku ya ufunguzi nikaukuta kwenye ukuta wenye nuru.
Pembeni kikaratasi: Elikana Mlela. Penseli juu ya mninga. Miaka ishirini.
Nilikisoma mara mbili, nikatafuta pa kuweka mikono.
Yule bubu wa Ipuli, ndevu zimemjaa,
alimpata jogoo wake, akapima kwa shubiri, akacheka kwa mabega.

Na pale chini, mji mzima ukiinama kusoma:
Kalunde, bado elfu nne.

Akanijia na noti mbili, mbele ya mchungaji na mkuu wa shule.
Nikarudisha mkono mfukoni.
Ukilipa itanibidi nifute, nikamwambia,
na nikifuta nitakuwa nimeharibu kazi ya mtu.

Elfu nne sidai tena.
Mlango ndio naudai.