Nyanya za Kitanda cha Saba

Gari la majitaka huingia saa kumi na mbili na robo.
Mlekwa, dereva, hupiga honi mara moja tu,
kwa adabu, kana kwamba amebeba mgonjwa.
Anafungua bomba. Sisemi zaidi.
Kila nyumba inajua ilichokula siku ya Idi.

Vitanda ni kumi na viwili: kokoto chini, mchanga juu,
na maji yanachuja polepole
kama mtu anayesoma mkataba kabla ya kutia dole.
Jua la Unyanyembe linafanya kazi bila posho.
Mwezi wa kwanza tope ni uji, wa pili ni ngozi,
wa tatu linapasuka vigae vigae,
unalishika mkononi, limesahau lilikotoka,
linanukia shamba lililonyeshewa jana.

Kanuni iko ukutani, ndani ya nailoni,
mhuri wake umepauka, rangi ya chai ya maziwa:
yai moja la mnyoo kwa gramu, lisizidi.
Miti, sawa. Mahindi, sawa. Mchicha, hapana.
Mimi ndiye mhesabu mayai.
Mama yangu kule Uyui alihesabu ya kuku;
nilipomweleza kazi yangu alicheka hadi akakaa chini.
"Na yakianguliwa, mwanangu, unauza wapi?"

Fungu la kwanza lilikuja na mkasi na utepe,
likajenga ukuta, geti, kibao cha bluu chenye majina.
Fungu la pili likaleta darubini.
Fungu la tatu lilikuwa la vitu vidogo,
chumvi ya zinki, mirija, glovu, dizeli ya jenereta,
na vitu vidogo havikatiwi utepe.
"Liko njiani," wanasema Dodoma.
Mimi nimekulia kando ya reli.
Nimeona ng'ombe wakiwa njiani, saruji ikiwa njiani,
hata jeneza la mjomba lilikuwa njiani siku nne,
na vyote vilifika.

Nyamizi wa Ipuli alikuja na viroba vitatu vitupu.
Mbolea ya dukani ameiacha dukani na bei yake.
"Nipe hili."
"Halijapimwa."
"Si ulipime."
"Dawa ya kupimia hakuna."
Akakitazama kile kibao cha bluu, akayasoma majina yote.
"Kumbe kanuni yenu inajua kukataza,
kulipa haijui."
Nikamwandika daftarini, namba arobaini na moja.
Ndiyo msaada niliokuwa nao.

Alfajiri ya Jumanne kitanda cha nne kilikuwa na shimo,
meno ya jembe, na alama ya tairi la baiskeli
hadi ukingo wa lami. Huko sikufuata.
Kwenye taarifa ya robo mwaka, safu ya upungufu,
niliandika: upepo.
Tangu hapo nikinunua mchicha sokoni
naugeuza majani kama barua isiyo na jina,
na nyumbani nauchemsha mpaka watoto wanalalamika.

Halafu mvua ikawahi, na kitanda cha saba kikaota nyanya.
Hakuna aliyepanda. Mbegu zilipita matumboni mwa mji,
zikapita shimoni, garini, bombani,
zikakaa juani miezi mitatu
na hazikuomba kibali kwa mtu.
Nyekundu! Nyanya hata tajiri wa Tabora hajaziona kwake.

Mkaguzi alifika na viatu vyeupe.
"Hizi kapanda nani?"
"Mji," nikasema.
Akaandika: mimea isiyoidhinishwa, ing'olewe.
Na alikuwa sahihi, hilo ndilo linaloniuma;
nami ningeandika vilevile.
Nikamuuliza fungu la tatu.
Akasema yeye ni wa kanuni, fedha ni ofisi nyingine.

Nimezing'oa, shina kwa shina, bila glovu.
Moja ilinipasukia kiganjani, tamu kwa harufu,
na mate yalinijaa kabla sijayakataza.
Nikaenda bombani, nikanawa mara mbili.
Sabuni ni ya kwangu.
Naomba hilo nalo liandikwe.