Taa Nisiyoiona

Chukudu ilinigonga pale Majengo, asubuhi,
ikishuka na magunia manne ya viazi kutoka Kibumba.
Si sana. Bampa imebonyea kama sufuria ya msibani.
Mwenye chukudu akaokota viazi vyake kimya,
kimoja kimoja, akivifuta kwa kiganja,
kisha akanyoosha mgongo:
"Papa, ukisimama, umwambie mtu."

Yeye breki yake ni kipande cha tairi
anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma.
Kinanuka kabla hajasimama; pua za watu zinatosha.
Mimi nina Carina, nina waya, nina balbu mbili,
na nilikuwa nimesimama njiani bila neno.

Taa ya breki ni kitu cha ajabu:
mguu wangu ndio unaoiwasha,
jicho langu halijapata kuiona.
Miaka kumi na moja Nsimire alikuwa akisimama nyuma,
kitenge begani, kikombe cha chai mkononi.
"Kanyaga. Tena. Ya kushoto imelala."
Sasa yuko Kalemie kwa binti yetu,
na simu haiwezi kusimama nyuma ya gari.

Jumamosi nikafungua mwenyewe.
Kama watu wote, nikaanza na kinachoonekana:
balbu. Nikaitikisa sikioni, uzi haukulia. Nzima.
Fyuzi nikaiinua kwenye jua, kidaraja chake hakijakatika.
Nikajikunja chini ya usukani, magoti nje,
kama mtu anayesali vibaya,
nikapapasa swichi ile ndogo juu ya pedali,
ile inayopumua kila tunapokanyaga.
Tiki. Tiki. Nayo nzima.
Kila kitu kizima, na taa hakuna.
Kuna ndoa za namna hiyo.

Ila nikikanyaga, indiketa ya kulia
ilitoa mwanga hafifu kwenye dashibodi, wa aibu,
kama mwanafunzi anayejibu swali aliloulizwa mwenzake.

Hilo ndilo nililompelekea Kavugho, fundi umeme wa Ndosho,
ambaye karakana yake ni meza, betri
na mwavuli uliochujuka wa kampuni ya simu.
Hakugusa balbu. Alicheka puani.
"Moto unafika," akasema. "Haujui pa kurudia."

Akainua zulia la buti. Chini ya tairi la akiba
kulikuwa na maji ya mvua, na majivu,
yale ya mlima, yanayoingia mpaka kwenye unga,
na boliti moja, na waya mweusi
ulioshikiliwa na kutu tu, kwa huruma yake.
"Masi," akasema. "Wengine husema ardhi.
Moto wowote lazima upate ardhi."
Akatazama barabara, mawe meusi
yaliyopoa nasi tukajenga juu yake,
akaona amesema neno kubwa kuliko boliti.
Akanyamaza, akachukua msasa.

Boliti ikang'aa kama jino.
Faranga elfu tano, na elfu moja ya waya mpya.
Mwanawe akaenda nyuma, suruali imemzidi:
"Zinawaka, Papa! Zote!"
Nilimwamini. Nililipa. Lakini niliondoka na njaa fulani.

Usiku, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima,
nikarudisha gari kinyumenyume
mpaka karibu na ukuta wetu wa mawe ya lava,
nikazima redio, nikakanyaga.
Kwenye kioo ukuta ukawa mwekundu ghafla,
kila jiwe na kivuli chake,
kama zamani, mawe hayo yalipokuwa bado yanatembea.
Mbwa wa jirani akabweka mara moja, akaacha.

Nikampigia Nsimire.
"Na ya kushoto?" akauliza, hata kabla ya salamu.
Inawaka, nikasema.
Akakaa kimya kidogo, nikasikia maji yakimiminwa huko kwao.
Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedali.
Sikutaka kuuondoa.