Mshtakiwa Ndani ya Chupa

Baba aliingia zahanati ya Mataura akichechemea,
chupa ya jemu kwapani,
na ndani ya chupa, mshtakiwa:
buibui mwembamba, kijivu cha moshi,
doa jeupe ncha ya mkia
kama mtu aliyekalia chokaa.

"Huyu ndiye. Kaniuma."
Akavua soksi.
Kidonda kilikuwa kando ya kidole gumba,
kingo zake zambarau,
wiki ya tatu sasa.

Muuguzi Heeni Tipoki hakuitazama chupa.
Aliuliza, kama hakimu aliyechoka:
"Ulimwona akikuuma, Murdo?"

Mjini kwetu swali hilo halina adabu.
Nani asiyejua?
Mkata manyoya ya kondoo anajua,
muuza petroli anajua:
mkia-mweupe alikuja na meli kutoka Australia,
na mgeni, siku zote, ndiye mwenye sumu.
Jipu likitumbuka, ni yeye.
Ngozi ikioza, ni yeye.
Bi Struthers alipokatwa kidole
tulimlaani yeye kabla kisu hakijanolewa.

"Nilimkuta kwenye taulo."
"Lini?"
"Jana."
"Na kidonda?"
Baba akageukia dirisha, akahesabu mvua.

Basi Heeni akasoma utetezi
huku mikono yake ikiosha usaha:
kwamba huyu hafumi utando wa kutegea,
hutembea usiku akiwinda buibui wenzake.
Hupanda utando wa jirani, akautikisa
kidogo, kidogo,
kama nzi aliyenasa anayekata tamaa,
na mwenye nyumba akitoka mbio na njaa yake
anakuta chakula ni yeye.
Kwamba mtu naye humuuma, akibanwa kwenye shuka,
ukawaka moto, ukajikuna, ukapona;
na walioumwa kweli, madaktari wakawafuatilia,
ngozi zao hazikuoza.

"Na wale tunaowameza usingizini?" nikadakia.
Nina miaka arobaini na mmoja. Naona haya hadi leo.
"Mdomo unaokoroma ni ngurumo," alisema.
"Wewe ungeingia?"
Na yule wa darini, mwenye miguu kama nyuzi,
ambaye bibi aliapa sumu yake yaangusha farasi
ila meno yake mafupi?
"Farasi gani? Nani alimpima?"

Kisha akaguse kidole cha Baba kwa kalamu.
"Hapa panauma?"
"Wala."
"Na hapa?"
"Umeshagusa?"

Heeni akaiweka kalamu mezani taratibu sana.
Akamchoma ncha ya kidole cha mkono, tone moja.
Kijimashine kikahesabu hadi tano.
Namba ilipotokea, hakuna aliyezungumza juu ya buibui.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema,
nasi nguo tulizikung'uta zote:
soksi, mablanketi, koti la marehemu mama.
Tulipuliza dawa kila pembe hadi paka akatapika.
Damu hatukuikung'uta.
Humo, mtamu, bila hata mguu mmoja,
mlaji alikuwa amekaa miaka,
na kabla ya kula nyama alikula kwanza maumivu
ili asisikike.

Mshtakiwa nilimwachia mimi,
nyuma ya zahanati, kwenye rundo la kuni.
Hakushukuru.
Alisimama kidogo juu ya gome lililolowa,
akaingia ufa, kazini.

Vidole viwili vya Baba vilibaki hospitali ya Invercargill.
Chupa ilirudi nyumbani.
Iko juu ya friji, na kifuniko kile kile
alichokitoboa kwa msumari, matundu manne,
ili mshtakiwa apumue hadi siku ya kesi.
Siku hizi hutia humo sindano zilizotumika.
Kila jioni, baada ya taarifa ya habari,
hupandisha shati, hubana nyama ya tumbo,
hujiuma mwenyewe.

Juzi nilimkuta kasimama bafuni, taulo mkononi,
akilikung'uta polepole, kwa heshima,
kama anayebisha hodi.